Bibi Samaki na Mtoto Wangu wa Uzeeni

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, kazi yangu hapa Stockholm ilikuwa kusoma umri wa samaki. Ndugu zangu wa Tanga nikiwaeleza kwa simu walikuwa wanacheka hadi vocha inakwisha: mtu kasomeshwa Ulaya, anawauliza samaki miaka yao! Lakini ndiyo kazi. Kichwani mwa samaki mna kijiwe kidogo cha sikio. Unakikata, unakitazama kwa hadubini, unahesabu mistari, kila mstari mwaka. Vya kwangu vilitoka Pasifiki, vya samaki wa miambani, na baadhi yao walikuwa wamewazidi umri bibi zangu wote. Hao huchelewa kukomaa, huzaa watoto hai, na wavuvi huwapenda wale wakubwa. Ukiwamaliza wakubwa, bahari inakaa miaka na miaka haijarudi ilivyokuwa. Ndiyo maana tulitaka kujua umri wao.

Na mimi umri wangu ulikuwa unasomwa. Nilikuwa nimevuka arobaini, mimba mbili zimeharibika, na ya tatu imo tumboni, siri ya mume wangu, mkunga na mimi. Mkunga alikuwa mpole kweli, ila kila nikienda lazima aseme "kwa umri wako". Nikitoka pale hadubini yenyewe nilikuwa naichukia.

Jumamosi moja nikaenda sokoni Skärholmen kununua samaki na dada mmoja Mrundi anayekaa Tumba, mwenzangu wa kwaya. Watoto wake wanamjibu kwa Kiswidi, yeye anawagombeza kwa Kiswahili, na maisha yanakwenda. Kwenye barafu walilazwa samaki wekundu, wale Waswidi wanaowaita kungsfisk, ndugu wa samaki wangu wa Pasifiki. Dada akamnyooshea kidole samaki mkubwa kuliko wote, aliyetokwa macho pima.

"Huyu! Tazama macho, bado anatushangaa. Kavuliwa leo asubuhi."

Sote tumelelewa hivyo: jicho likijaa, samaki ni mbichi. Nikamwambia, hapana dada, huyu kavutwa juu ghafla kutoka kilindini, hewa ikafura ndani yake, ikamsukuma macho. Huenda ana siku kadhaa kwenye barafu. "Halafu huyu ni bibi kizee," nikaongeza. Jamani, nikaangua kilio mbele ya muuza samaki, naye maskini akajifanya anapanga malimau.

Dada alinitazama usoni, akanitazama tumboni, akajua.

"Miezi mingapi?"

"Minne. Naogopa, dada. Nimezeeka."

Akamgeukia samaki. "Bibi huyu, huko alikotoka, alikuwa anazaa?"

"Anazaa. Na kwa wale wa Pasifiki, baadhi yao, mama akiwa mkubwa watoto hutoka na tone kubwa zaidi la mafuta. Wanavumilia njaa kuliko watoto wa mama vijana."

"Sasa weye unalilia nini? Si umesema mwenyewe?"

Lo! Maneno hayo nilikuwa nayaandika kila siku kazini, na hata siku moja sikuwahi kujisemea mimi.

Akaagiza samaki wa ukubwa wa kati. "Bibi mwache."

"Dada, ameshakufa huyo."

"Najua kafa, mimi si mtoto. Wavuvi wakikosa wa kumnunua, wenzake watawaacha baharini." Si mpango kamili wa kuhifadhi bahari, lakini nimekaa kwenye mikutano ya kutwa nzima isiyofika hata hapo.

Tangu hapo alikuwa anapanda treni kutoka Tumba kila wiki, chupa ya uji wa ulezi kwapani. Hakunitangaza kwa mtu, hata kwenye kwaya, ambako habari hazilali. Siku nilizoogopa kwenda kliniki alikuja kunivalisha koti, akanisindikiza hadi mlangoni. Sijui nimshukuruje, mpaka leo sijapata neno la kutosha.

Binti yangu alipozaliwa, dada alifika na sufuria ya supu ya samaki, wa kati. Akanawa mikono, akamfunua mtoto, akamminya paja lililojaa.

"Tone la mafuta hili hapa," akasema.

Nikacheka hadi mshono ukauma, kisha nikalia tena, na safari hii hakuniuliza nalilia nini.