Kikombe cha Kwanza cha Chemchemi

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mjukuu wangu Paskali, mtoto wa binti yangu Martha, na mkewe Regina, wa kina Tluway wa kule Mbulu. Majina mimi siyasahau, hata ya ng'ombe wa baba yangu naweza kuwatajia. Kwa hiyo haya niliyoyaona hapa Karatu msiniambie niliota.

Paskali ni dereva wa watalii. Alitega visamaki kwa chandarua kwenye chemchemi yetu ya bondeni, akavifuga sebuleni ndani ya tangi la vioo. Vidogo, vya rangi ya fedha, vina mstari mweusi ubavuni.

"Bibi, kreta ninakopeleka watalii ina simba wake, na sisi tuna hawa," akanitania.

"Ulirudisha kikombe cha kwanza?" Maana kwetu anayechota pale huirudishia chemchemi kikombe cha kwanza, ndipo ajaze ndoo.

"Bibi naye! Mimi sikuchota maji, nilichota samaki."

Wiki haikuisha, chemchemi ikawa tope. Regina akarudi na ndoo tupu, ng'ombe wanalia zizini. Tungekunywa nini?

Basi alfajiri moja, ukungu wa kutoka msituni umejaa hadi mlangoni, namkuta mama mmoja sebuleni. Hodi hakupiga. Shuka lake linachuruzika maji, lakini sakafu kavu, niaminini. Samaki wote wamejipanga kwenye kioo, wanamtazama yeye.

"Shikamoo," nikasema, mimi na uzee wangu huu! Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata kikombe changu."

Nikamuuliza jina. Akalitaja taratibu, kama maji yanavyopita juu ya kokoto.

"Paskali! Lete ndoo!" nikaita. Walipotoka chumbani, mgeni hayupo. Tukabeba samaki na maji yao yote hadi bondeni, ndani ya ukungu. Paskali akamimina mwenyewe, safari hii bila utani. Maji yakapanda kwenye tope polepole, yakatufika vifundoni. Ndiyo tunayokunywa hadi leo.

Ila lile jina limeniponyoka. Kila alfajiri linafika kwenye ulimi, linarudi. Na tangu hapo mengine nayo yananitoka, moja moja, kama visamaki kwenye tundu la chandarua.

Mkitega samaki wa chemchemi, rudisheni kwanza kikombe. Na kama nimekosea hapo juu, kama binti yangu si Martha, tafadhali nisahihisheni.