Gogo Lililolima Bondeni

Kabla ya kuanguka, ule mkaratusi ulitoa mlio ambao mpaka leo nikiufikiria nausikia. Kriiiiii, taratibu, kwa aibu, kama mlango wa kanisa unaosukumwa na mtu aliyechelewa misa na hataki wenzake wageuke. Halafu pwaa! Kuku wote wa Bibi wakakimbilia jikoni.

Tulikuwa tumeahidiwa kwamba utaangukia upande wa barabara. Fundi aliuzunguka na chenso yake begani, akafumba jicho moja, akanyoosha kidole na kusema, "Utalala pale, kama mtoto." Akaiwasha, ikanguruma, vumbi la mbao likamjaa kwenye kofia. Mti ukaenda kulala bondeni.

"Fundi," Bibi akamwambia, "huyo mtoto wako analala vibaya."

Watu walicheka, lakini Bibi hakucheka sana, na mimi nilijua kwa nini. Nyumba yake pale Pito ilikuwa bado ya nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa zimeoza. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imeshapiga, na usiku huo Bibi alilala na beseni tumboni, kila likijaa ananiita nikamwage. Mabati yalikuwepo, yameegemea ukuta tangu Pasaka. Kilichokosekana ni mbao za kenchi. Na mashine ya kuchana mbao, ile ambayo watu huiita dingidongi, fundi alikuwa ameiegesha barabarani kwa siku ile tu. Kesho yake ilikuwa inakwenda Mwimbi, na ikishafika kule hairudi mpaka mvua ziishe. Gogo lisipopanda leo, Bibi na beseni lake wangekaa pamoja masika yote.

Kwetu kazi nzito huitiwa watu kwa pombe ya ulezi. Bibi alikuwa ameipika akiwa na hesabu zake, ikaiva siku hiyohiyo. Kesho ingekuwa imechacha. Kwa hiyo watu hawakukosekana. Wengine sikuwahi kuwaona hata kwenye misiba, lakini siku ile walikuja na kamba zao.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeachia shule kidato cha pili, na ndoto zangu zote zilikuwa na magurudumu. Nilitaka kuendesha kitu. Lori, greda, chochote chenye kelele. Nikiwa napalilia ulezi nilikuwa nabadilisha gia mdomoni, mpaka Bibi akawa ananiuliza, "Umefika wapi leo?" Namjibu, "Tunduma, Bibi." Anasema, "Rudi basi, umeruka mstari."

Kwa hiyo Mjomba alipotokea na pawatila yake, lile trekta dogo la kushikwa mikono, mimi ndiye niliyemkimbilia wa kwanza. Alikuwa amevaa miwani ya jua.

"Gogo lenyewe ndilo hili?" akauliza. "Hili nalivuta huku napiga stori."

"Tulikate vipande kwanza?" fundi akasema.

"Kenchi inataka urefu," Bibi akamjibu. "Mimi nina nyumba, sina banda la bata."

Wakafunga mnyororo. Mjomba akaongeza mafuta, akavuta, pawatila ikaanza tu-tu-tu-tu kwa heshima zote. Kilima kilikuwa kimelainika na ile mvua, udongo unateleza kama mlenda. Gogo likakataa. Pawatila nayo haikukubali kushindwa, ikainua pua juu, mikono yake ikashuka, na Mjomba akakaa kitako kwenye matope ameikumbatia kama anayembembeleza mtoto. Miwani haikuanguka.

"Stori imefika wapi, mshikaji?" kijana mmoja akapiga kelele.

"Imekatika mtandao," Mjomba akasema, bado amekaa.

Ndipo tukamwita jirani yetu wa ng'ambo ya bonde. Ni mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe kutoka Usukumani, baba mrefu, mpole, mwenye kofia ambayo hatujui chini yake kuna nini. Alikuja na maksai wanne, akaivua hiyo kofia nusu.

"Shikamoo, mayu," akasema, yaani mama kwa kwao.

"Marahaba, baba. Wanaweza?"

"Hawa? Hawa wanalima shamba zima kabla chai haijachemka."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, ila hatukulisikia.

Maksai waliinamisha vichwa, nira zikalia, na lile gogo likaondoka. Watu wakashangilia. Lilipanda likipasua matope, zuri kabisa, mpaka lilipofika kwenye nyasi zilizolowa. Pale likateleza lenyewe, mnyororo ukalegea kidogo. Maksai wote wanne wakasimama, wakageuka kwa adabu, wakaanza kurudi chini. Gogo likawafuata.

Jirani akapiga mluzi, akawageuza. Wakapanda tena. Kwenye nyasi, mnyororo ukalegea, wakageuka tena, safari hii kwa upande wa pili. Waliposhuka mara ya tatu kilima chetu kilikuwa na mitaro iliyonyooka kiasi cha kutamani kupanda mahindi.

"Wanafanya nini?" Bibi akauliza.

Jirani akajikuna shingo. "Wanalima, mayu. Ukifika mwisho wa mstari si unainua plau? Mzigo unakuwa mwepesi, wao wanageuka. Ndivyo nilivyowafundisha." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Wanasikia sana hawa."

"Sasa nani kawaambia mimi nataka kulimiwa?"

Kila mtu akawa na ushauri. Mmoja alitaka wafumbwe macho. Mjomba, matope yamemkaukia mgongoni, alitaka waonyeshwe barabara kwanza ili wajue wanakokwenda. Wingu likaanza kujikusanya upande wa Mollo. Nikamwona Bibi analitazama wingu, halafu paa lake, halafu wingu. Akaenda kwenye chungu cha pombe, akakifunika, akakalia kigoda mbele yake.

"Gogo likifika, kitafunuliwa," akasema.

Wacha wee. Waliokuwa wamelala chini ya mti waliamka na akili mpya.

Lakini mimi nilikuwa nautazama ule mnyororo. Nikasema, nusu kwa kujisemea, "Si basi mzigo usiwe mwepesi?"

"Unasemaje, binti?" jirani akauliza.

"Tufunge kamba nyuma ya gogo. Likifika kwenye nyasi, watu walivute kurudi nyuma. Maksai wadhani bado wanalima."

Mjomba akavua miwani. "Yaani tuliokuja kulivuta gogo juu, tulivute chini?"

"Ndiyo, Mjomba. Kidogo tu."

Jirani akaanza kucheka, kofia ikamdondoka. Kumbe chini kuna upara tu. "Binti anasema kweli. Fungeni!"

Wakafunga. Mimi nikatembea kando ya gogo, macho kwenye mnyororo. Ukilegea napiga kelele, "Kaza!" na wanaume wote wanajitupa nyuma visigino vikichimba ardhi. Tukiingia tena kwenye matope nasema, "Achia!" na wanakimbia kulifuata. Kwenye nyasi maksai walitega masikio, wakausikia uzito, wakaendelea. Kaza! Achia! Mara moja nilichanganya, nikasema achia mahali pa kaza, na maksai walikuwa wameshaanza kugeuka. Watu wakaning'inia kwenye kamba kama kengele za Pasaka, maksai wakaghairi.

Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kichwani akasimama. "Nyie, mnalivuta wapi hilo gogo?"

"Chini!" wakajibu kwa pamoja.

"Mbona linapanda?"

"Ndiyo!"

Akaondoka bila kuuliza zaidi.

Wingu lilikwenda kunyeshea watu wengine. Gogo lilifika barabarani, fundi akalipandisha kwenye dingidongi, na ile mashine ikaimba mpaka jioni, mbao zikitoka moja moja, nyekundu, mbichi, zinanukia dawa ya kikohozi. Bibi alizigusa zote. Halafu akafunua chungu, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba pawatila ya Mjomba ndiyo iliyokuwa "imelegeza udongo," maana alilieleza hilo kwa kila aliyeketi.

Fundi alipokuwa anafunga mashine aliniambia kwamba mkaratusi mbichi una kiburi. Usipopangwa na kukandamizwa mapema, unapinda, na kenchi iliyopinda haishiki bati. Nikawaambia waliokizunguka chungu. "Kesho, dada," wakasema. Bibi mwenyewe alikuwa anacheka na jirani, miguu ameinyoosha, na sikutaka kumwinua.

Nikaenda nyuma ya nyumba. Nikalaza mbao ya kwanza juu ya matofali, nikaweka vijiti, ya pili, vijiti, nikizinyoosha kwa jicho moja kama nilivyomwona fundi. Juu nikapanga mawe mpaka yakaniishia. Ncha moja ya mbao ya mwisho ilikuwa bado imejiinua.

Nikaikalia.