Aliyeniruka Akaenda Vitani

Mpira wa raga ulifika Ngara ndani ya sanduku la bati la mwalimu wetu wa hisabati, ukiwa umetolewa upepo na kuviringishwa ndani ya suruali. Alikuwa amesomea Uganda, miaka ambayo watu walikwenda huko na kurudi bila kuulizwa maswali, na katika yote aliyojifunza hakuna lililomkaa moyoni kama mchezo ule. Alipoujaza upepo mbele ya darasa kwa pampu ya baiskeli, nasi tukaliona umbo lake, mmoja wetu aliuliza kwa heshima zote kama haukuwa umeharibika njiani.

"Ndivyo ulivyo," alisema mwalimu.

"Sasa utadundaje, Mwalimu?"

"Utadunda unakotaka wenyewe. Kazi yenu ni kuufuata."

Shule yetu ya sekondari ilikuwa mgongoni mwa kilima, na siku zile za elimu ya kujitegemea tulishika kalamu asubuhi na jembe mchana. Raga ilikuja baada ya jembe, kwenye uwanja ambao ng'ombe walikuwa nao haki sawa na sisi. Mwalimu aliunda timu mbili. Ya wadogo ilikuwa ya kidato cha kwanza na cha pili. Ya wakubwa ilikuwa ya vidato vya juu, ikiongezewa watu wazima wachache wa jirani: bwana shamba, mpishi wa shule, na karani wa forodha wa Rusumo, ambaye kila Jumamosi aliomba nafasi kwenye lori lolote lililopanda kuja kwetu. Timu ya wadogo, alisema mwalimu, ni kitalu cha kahawa. Mche hautolewi kitaluni kwa sababu tu umechoka kukaa humo. Ili pasiwe na ubishi, alikata alama kwa panga kwenye mwimo wa mlango wa stoo ya majembe. Utosi wako ukifika pale, umehamia kwa wakubwa.

Mimi nilikuwa mfupi. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Nilikuwa mfupi kiasi kwamba wageni wa shule walinidhania mtoto wa mpishi. Nilitamani kuhamia kwa wakubwa kuliko nilivyotamani kufaulu hisabati, na kila Jumapili, kabla ya ibada, nilikwenda kusimama chini ya alama ile.

Hapo ndipo ilipotokea shida ambayo mwalimu, pamoja na usomi wake wote, hakuitarajia. Nilizaliwa Bugarama, na kwetu, kama kwa majirani zetu wengi wa pande zile, mtu aliyelala chini harukwi. Ukimruka mtoto, unamzuia kukua. Dawa yake ni moja tu: yule yule aliyeruka arudi, aruke tena kuelekea alikotoka, kama anayefungua fundo alilolifunga. Mwingine hawezi kumfanyia.

Raga, sasa, inataka kinyume chake. Mwenye mpira akiangushwa, wenzake hupita juu yake ili wawasukume wapinzani na mpira ubaki salama nyuma yao. Tulielezwa, tukaelewa, na siku ya kwanza tuliruka vizuri sana. Kisha tukageuka, mmoja baada ya mwingine, tukarudi kumruka tena mwenzetu, huku wapinzani wakiuokota mpira na kuondoka nao.

Mwalimu alipuliza filimbi mpaka mate yakamtoka.

"Mnarudi kufuata nini?"

"Tunamrudishia, Mwalimu."

"Mnamrudishia nini?"

"Urefu wake."

Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu lilikuwa humo, akaivaa tena. Alijaribu kutueleza kwamba mwili hukua kwa chakula. Tulimkubalia kila neno, na mchezo ulipoanza tena, tulirudi tena. Mwishowe alifanya kama wafanyavyo viongozi wenye busara: aliiacha mila iendelee, ila akaipangia saa. Mchezoni turuke bila kurudi. Filimbi ya mwisho ikilia, walioangushwa walale chini, walioruka wawarudishie. Wafanyabiashara wa ng'ombe waliokuwa wakitoka Nyakahura walizoea kusimama hapo na fimbo zao mabegani, wakitazama wanafunzi wa serikali wakilala kwenye majani na kurukwa kwa zamu, na sijui walikwenda kusema nini walikofika.

Karani wa forodha ndiye aliyekuwa mrukaji wetu bora. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko kilichomtangulia popote aendapo, na alizoea kuniita bwana mdogo, jina ambalo nililichukia kwa sababu lilikuwa la kweli.

Vita na Uganda vilipoanza, mgambo waliandikwa kila kata. Bwana shamba alikwenda kwanza, na vijana wawili watatu wa kidato cha nne waliokuwa na umri mkubwa wakamfuata. Zamu ya karani iliangukia Jumamosi. Alijua lori lingepita njia yetu jioni, hivyo akaja na begi lake, akaliweka pembeni mwa kiwanja, na kucheza kama kawaida. Siku hiyo wakubwa walicheza dhidi ya wadogo. Nikapata mpira. Nilikimbia nao mbali kuliko nilivyowahi, mpaka karani aliponikamata kiunoni na kunilaza chini kwa upole, kama mtu anayetua ndoo ya maji, kisha akaniruka kuwafuata wenzangu. Hapo honi ya lori ikalia.

Alikimbia kulichukua begi. Mimi nilibaki nimelala.

"Bwana Forodha! Hujanirudishia!"

Aligeuka, akacheka, akapiga hatua mbili kuja kwangu. Honi ikalia tena, ndefu, na sauti ya askari ikauliza kama tulidhani vita vinamsubiri mtu.

"Nikirudi, bwana mdogo!" alisema. "Nikirudi nitakurudishia!"

Alivua jezi, akamrushia mwalimu, akadandia lori akiwa na singlendi.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya redio na malori. Maharage tuliyoyalima yalikwenda kwa askari, na Wasukuma waliohamia Biharamulo walitoa ng'ombe. Sitaficha kwamba wakati wenzangu walikuwa wakiombea ushindi wa taifa, mimi nilimwombea zaidi karani mmoja na miguu yake. Nilisimama chini ya alama ya stoo kila Jumapili, na kila Jumapili ilikuwa pale pale, mimi pale pale. Waliokuwa sawa nami walihama mmoja baada ya mwingine.

"Kula maharage," mwalimu aliniambia.

"Maharage yamekwenda vitani, Mwalimu."

"Basi kula ugali, uache kunijibu."

Kabla ya vita, mwalimu alikuwa amepanga mechi na shule moja ya Rwanda, ng'ambo ya daraja la Rusumo, iliyofundishwa raga na mwalimu wa Kifaransa. Mkuu wa shule alisema ahadi kwa jirani haivunjwi kwa sababu ya ugomvi na jirani mwingine. Timu ya wakubwa, hata hivyo, ilikuwa imebaki na matundu. Mwalimu aliniita, akaniwekea mikononi jezi ya karani.

"Sijafika alama, Mwalimu."

"Alama ni yangu. Leo nimeipa likizo."

Jezi ilinifika magotini. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika mchezo wa kimataifa.

Tulichezea upande wetu, juu ya maporomoko, ambako ilibidi kupiga kelele ili usikike. Kelele hizo hazikumsaidia yeyote, kwa kuwa Kihangaza chetu na Kinyarwanda chao ni lugha ndugu wa karibu, na kila timu iliielewa mipango yote ya siri ya nyingine. Tulikuwa hatujafungana, mchezo ukielekea mwisho, nilipoangukia mpira karibu na mstari wao. Wenzetu waliniruka. Wao wakasukuma, wakawapindua wenzetu, wakaniruka nao. Mpira ulikuwa wao kabisa. Ndipo mvulana wao mrefu, aliyekuwa kama kiongozi, aliponitazama.

"Jamani, huyu bado mdogo," aliwaambia wenzake. "Mrudieni."

Wakarudi wote. Waliniruka kwa adabu, mmoja mmoja, na mmoja aliniomba radhi. Mpishi wetu wa shule, ambaye alikuwa mtu mzima na hakuwa na haraka, aliuokota mpira, akatembea nao, wala hakukimbia, akavuka mstari wao na kuugusisha chini, na kwenye raga hilo ndilo bao. Mwalimu wa Kifaransa alipiga kelele ambazo hazikuhitaji kutafsiriwa. Wetu alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika.

"Mngetaka tumwache hivyo?" yule mvulana mrefu alimuuliza mwalimu wake. Sikulisikia jibu.

Filimbi ya mwisho ilipolia, nililala chini, na wenzangu wakanirudishia. Jioni ile nilikuwa nimefunguliwa na watu wa nchi mbili. Alibaki mmoja tu.

Nilipofika chuo kikuu nilisoma jinsi mifupa inavyorefuka, na kwa nini wavulana wengine huchelewa kisha wakarefuka ghafla. Ninayaamini yote niliyoyasoma, na niliyajibu vizuri kwenye mtihani. Nayasema hapa ili msomaji asidhani kwamba sikusoma.

Vita vilikwisha, malori yakaanza kurudi. Lililomleta karani lilisimama Jumamosi, wakati wa mazoezi, mahali pale pale alipodandia lile la kwanza. Askari alishuka kwanza, kisha akampokea begi, kisha fimbo, kisha yeye mwenyewe. Mguu wa kulia haukukunjika tena gotini. Uwanja mzima ulimkimbilia. Mimi nilifika wa mwisho, nikiwa nimevaa jezi yake.

"Shikamoo, Bwana Forodha."

"Marahaba. Mbona uko vile vile?"

"Ulisema utarudi."

Kicheko chake hakikuwa kimeguswa na vita. "Lala chini," alisema.

Nilijinyoosha kwenye majani. Mwalimu wa hisabati, aliyetuhubiria maharage muda wote ule, alikuja mwenyewe akamshika karani mkono wa kushoto, na mpishi akamshika wa kulia. Karani aliinua mguu ule mzito kama anayevuka kizingiti kirefu, akaupitisha juu yangu polepole, akaufuatisha mwingine, kuelekea upande aliokuwa ametokea siku ile. Hakuna aliyecheka.

Nilipoinuka nilianza kuivua jezi ili nimrudishie. Aliishika pindo, akaishusha tena mpaka magotini mwangu.

"Mimi sikimbii tena," alisema. "Baki nayo. Ila sasa kua, bwana mdogo, uijaze."