Chenga za Chini ya Gunia

Kiwandani walimwita Bi Nukta, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianzia kwa nani. Alikuwa mpimaji wa maabara, mwanamke mwembamba wa makamo. Mashine ikisema thelathini na nane nukta nne, hata umkate kichwa, haandiki thelathini na nane. Hata sokoni wauza vitunguu walimkimbia, maana alijua mizani ya nani inapunja gramu ngapi.

Kazi yake ilikuwa kutafuta risasi, ile metali, ndani ya plastiki iliyokwisha tumika. Ndoo zilizopasuka, madumu na viti vya miguu mitatu viliingia upande mmoja wa kiwanda, vikasagwa na kuoshwa, vikatokea upande wa pili vikiwa chenga ndogo kama kucha, zimejazwa kwenye magunia ya tani moja moja. Mnunuzi alikuwa kiwanda kingine, cha vikombe vya watoto, vile vyenye mikono miwili. Mkataba uliruhusu risasi sehemu mia moja kwa kila milioni, isizidi hapo.

Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye pamoja na mtoto mchanga, aliwahi kumuuliza maana ya maneno hayo.

"Chukua gunia la chumvi la kilo mia," Bi Nukta alisema. "Nitie humo vijiko viwili vya chai vya sumu, nikoroge. Hiyo ndiyo mia kwa milioni."

"Na mnairuhusu?"

"Hapo ndipo mwisho."

"Basi dada, kwenye chumvi yenu mimi simo." Mdogo mtu akacheka, akamfuta mtoto mate. Mtoto alikuwa ameota meno mawili, na alikuwa akiyanoa kwenye ukingo wa kikombe cha buluu chenye mikono miwili.

Kila asubuhi mchotaji alimletea bakuli kumi za chenga, moja kwa kila gunia. Alikuwa mzee mcheshi aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na hakuwahi kuingia maabara kimya. "Siri ya mtungi aijuaye kata," alikuwa akisema, akizipanga bakuli mezani, "na kata ndiyo mimi." Bi Nukta alipima nusu gramu kutoka kila bakuli, akaiyeyusha kwa asidi ya moto chini ya feni inayovuta moshi, akaongeza maji hadi mililita hamsini, akailisha mashine. Kilichosomwa alikizidisha mara mia. Sifuri nukta tatu nane ikawa thelathini na nane. Kwa miezi kumi na moja namba haikuwahi kupita hamsini, na meneja alimsifia mbele za wageni.

Siku ile foklifti, gari la kunyanyulia magunia, ilitoboa gunia moja kwenye kitako. Chenga zikamwagika hadi mlangoni mwa maabara. Bi Nukta aliinua mguu azivuke, akaushusha pale pale. Chenga alizozoea zilikuwa za rangi za kuchangamka. Hizi zilikuwa za kijivu na nyeusi, laini, na alipozichota kiganjani aliona zina uzito wa kokoto. Alijaza kifuniko kimoja, akaingia ndani, hakumwambia mtu.

Mashine ilisoma tisa nukta moja mbili.

Alidhani chupa ilikuwa chafu. Akaiosha, akaanza upya. Tisa nukta moja. Akabadili asidi, akabadili chupa, akapima maji matupu na kupata sifuri. Mara ya tatu alikaa kwenye kigoda akiangalia namba ikitulia. Zidisha mara mia. Mia tisa na kumi na mbili.

Alimkuta mchotaji akinywa chai kwenye kivuli cha ghala.

"Mzee wangu, huwa unachota wapi?"

"Kwenye gunia, mwanangu. Ulitaka nikachote mtoni?"

"Sehemu gani ya gunia?"

"Juu. Gunia lenyewe linanizidi kimo. Au unataka nipige mbizi?" Alicheka, akamtazama usoni, akaacha kucheka. "Kuna nini?"

Bi Nukta alikuwa anausikiliza mtetemo. Mashine za kusaga zilitikisa sakafu ya ghala mchana kutwa, na magunia yakatikisika nayo. Maganda ya nyaya za zamani na makasha ya televisheni, yaliyosagwa pamoja na ndoo na kuchanganywa rangi yenye risasi tangu yalipotengenezwa, ni mazito kuliko plastiki ya ndoo. Yalikuwa yakizama kidogo kidogo, kila siku, mbali na mkono wa mzee. Hesabu zake zote zilikuwa sahihi, hadi kwenye nukta. Zilikuwa hesabu za shingo ya mtungi.

Alirudi maabara akautazama ukuta wa akiba. Kila bakuli aliyowahi kupima alikuwa amehifadhi kiasi chake kwenye chupa yenye tarehe. Miezi kumi na moja ya chupa, zimepangwa kwa mstari. Zote zilichotwa juu. Angezipima upya moja moja, zote zingemsifu.

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo ndilo lililomtia hofu.

"Bi Nukta, mimi sijakuomba uandike uongo," alisema kwa upole. "Nakuomba uandike unachopima kila siku. Bakuli za leo zimesemaje?"

"Arobaini na moja nukta mbili."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli ya juu."

"Fomu haina juu na chini. Ina nafasi ya namba moja."

"Basi leo sitii sahihi."

Meneja hakukasirika. Aligeuza kioo cha kompyuta ili naye aone. Cheti cha siku ile kilikuwa tayari, arobaini na moja nukta mbili, na chini yake sahihi ya Bi Nukta mwenyewe, ule mkia wake mrefu, haukukosa kitu.

"Sahihi yako tuliiingiza kwenye kompyuta ulipokwenda kumzika mama," alisema. "Kazi isisimame. Usijisumbue, dada."

Nje, lori lilikuwa likifungwa turubai.

Bi Nukta alisimama nyuma ya vyoo vya wafanyakazi akapiga namba ya simu ya mnunuzi iliyoandikwa chini ya cheti. Akapokea karani wa mapokezi wa kiwanda cha vikombe, sauti changa, yenye haraka. Bi Nukta alijitambulisha kwa kazi yake. Akamwambia mzigo wa leo usiyeyushwe. Wayamwage magunia sakafuni, wachote chini kabisa, wapime. Mia tisa na kumi na mbili, alisema, akairudia taratibu ili iandikwe.

Kalamu ilisikika ikikwaruza karatasi.

"Mia tisa kumi na mbili. Sawa, mama. Na ile mizigo ya nyuma? Tangu mwaka jana?"

Alifungua mdomo. Bi Nukta hakuwa na namba, hata ya kukadiria.

"Sijui," alisema.

Nyuma ya karani mashine iliendelea kudondosha vikombe kwenye kreti, kimoja baada ya kingine, na hakusikika mtu akiinuka kwenda kuizima.