Tarehe Zilizokubaliwa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa hili: tarehe zilizokataliwa na kompyuta nilizigeuza, zilizokubaliwa nikaziacha kama zilivyo.

Mkoa wetu ulikuwa bado mpya, na Babati ilikuwa inapata ofisi haraka kuliko watu wa kuzifanyia kazi. Ndivyo nilivyopata kibarua kwenye mradi mdogo wa utafiti wa chanjo, katika nyumba ya kupanga pale Bagara. Niliulizwa kama najua programu ya takwimu, nikasema najua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kutoka kwenye kitabu cha Kiingereza kilichotolewa fotokopi na kukosa kurasa za katikati. Kila nilichokijua nilikijua kwa wasiwasi.

Kazi yangu ilikuwa kuingiza tarehe kutoka kwenye kadi za kliniki: siku aliyozaliwa mtoto na siku aliyochanjwa. Niliandika 24/8 kama ilivyo kwenye kadi, kompyuta ikakataa, ikaacha nafasi tupu. Nilihangaika mpaka nilipoandika 8/24, ikakubali. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani tarehe kubwa zina mtindo wake. Ilipofika 5/10 ikapita yenyewe, nami nikashukuru.

Nilipomaliza zahanati ya kwanza, iliyo upande wa Bonga, jedwali lilinionyesha kitu nisichokielewa. Watoto kadhaa walikuwa wamechanjwa kabla ya kuzaliwa.

Nilikagua. Mimi ni mtu wa kukagua; hata barua ya salamu huisoma mara nne kabla ya kuituma. Kadi ilisema 5/10, na skrini ikasema 5/10. Niliirudia kadi hiyo mpaka tarakimu zikaanza kuonekana kama wadudu. Basi kama mimi sikukosea, na kompyuta haikosei, aliyebaki ni nesi wa zahanati ile, aliyezijaza kadi. Nilimwambia mratibu wetu kwamba huenda kadi zinajazwa bila watoto kuchanjwa. Nilisema "huenda", lakini moyoni nilifurahi kwamba kosa si langu. Furaha ile inaniaibisha mpaka leo.

Nesi aliandikiwa barua atoe maelezo, ikiambatana na orodha yangu ya chanjo zote za zahanati yake, ambayo kompyuta iliichapa miezi kwa majina. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Hakujibu kwa barua. Alikuja mwenyewe, amevaa sweta juu ya sare, rejesta kwapani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama mimi ndiye mwenye kompyuta. Kisha akatoa ile orodha yangu, akaomba nimsomee mstari mmoja alioutia alama ya kalamu.

"Tarehe moja mwezi wa tano," nikasoma.

"Mimi nachanja Jumatano tu," akasema. "Na Mei Mosi ya mwaka jana ilikuwa Jumapili. Nilitoka kanisani nikaenda kuandamana na wafanyakazi wenzangu. Huyo mtoto nilimchanjia kwenye maandamano?"

Mratibu alicheka. Nesi hakucheka. Alifungua rejesta akaisukuma mbele yangu, kidole kikiwa juu ya jina la mtoto yule. Tarehe tano, mwezi wa kwanza. 5/1. Nilitazama orodha, nikatazama rejesta, masikio yakapata moto. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba programu ilikuwa inasoma mwezi kwanza siku zote. 24/8 iliikataa kwa sababu hakuna mwezi wa ishirini na nne. 5/10 iliikubali kwa sababu ilidhani ni Mei.

Nilieleza vibaya, nikirudia maneno. Nesi alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mwanangu," akauliza, "maelezo niandike mimi, au utaandika wewe?"

Niliandika mimi, kwa mkono, yeye akiwa amekaa hapo hapo: kwamba rejesta na kadi zake ni sahihi na kosa ni langu. Aliisoma barua polepole, akanirudishia kwa sababu nilikuwa nimesahau kuweka tarehe. Mratibu akaipiga muhuri, na nesi akaondoka na nakala yake.

Nilitaka kusahihisha yote siku ile ile. Nilizigeuza tarehe, nikatoka kunywa chai, na niliporudi sikukumbuka kama nimezigeuza au bado, nikazigeuza tena. Mwishowe nilifuta kila kitu nikaanza upya kutoka kadi ya kwanza, huku nikiiagiza kompyuta initajie kila chanjo iliangukia siku gani ya wiki. Ilijibu Jumatano, Jumatano, Jumatano, na bado sikuiamini.

Siku hizi naingiza siku, mwezi na mwaka katika safu tatu tofauti, na naielekeza programu mwenyewe ipi ni ipi. Na namba zikimshtaki mtu, namwendea yeye kwanza nimuulize, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote.