Fahali Asiye na Alama

Anaeli wa Gonja hawezi kuvumilia mstari uliopinda wala uliokatika. Nyumbani hunyoosha vitambaa vya makochi mpaka mkewe, Esta, anamfukuza sebuleni. Kanisani aliwahi kuinuka katikati ya mahubiri akaenda kuweka sawa kitambaa cha madhabahu. Bahati nzuri amepata kazi inayomfaa. Pale Same mjini, wachoraji humletea michoro ya mageti, naye huyabadilisha mafaili yao kutoka programu ya kuchorea kwenda ile inayoeleweka na mashine ya kukatia chuma. Mashine hiyo haina utani: mstari usipofunga, inagoma. Kwa hiyo Anaeli hufunga kila kitu, hata kisichohitaji kufungwa.

Hapo ndipo alipomponza mzee Loserian, mfugaji wa huko tambarare. Mzee alitaka geti lenye picha ya fahali wake mpendwa, liwe tayari kabla ya harusi ya mwanawe. Mchoro ulipofika, Anaeli aliona sikio la kushoto lina mapengo mawili. Akadhani mkono wa mchoraji umeteleza, akasikitika, akayaziba. Sikio likatoka laini kama la ng'ombe wa kwenye kalenda.

Siku ya kulisimamisha geti alikwenda mwenyewe pamoja na mafundi, apokee sifa. Loserian alilitazama, macho yakagota kwenye sikio la kushoto. Huko kwao, mapengo ya sikio ndiyo yanayosema ng'ombe ni wa nani. Jirani yake Leshan, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akatangaza kwamba fahali huyu hana mwenyewe, na kwamba yeye yuko tayari kumwekea alama ya kwake. Watu wakacheka. Loserian hakucheka hata kidogo. Wageni wa harusi walikuwa wanaingia kesho yake, na wale watu husoma masikio kabla ya kusalimia.

Anaeli, aibu imemjaa mpaka shingoni, alieleza habari za mistari na mashine, akaomba arudi mjini kurekebisha faili ili kichwa kikatwe upya wiki ijayo.

“Kijana,” Loserian alisema, “mimi sijawahi kumpeleka ng'ombe mjini kukatwa sikio.”

Akachukua grinda ya mafundi, ile ya kukatia chuma, akaagiza jenereta iwashwe, akainama mbele ya geti. Kisha akamgeukia Anaeli kwa ukali.

“Unangoja nini? Mshike pembe.”

Anaeli akazishika pembe za chuma kwa mikono miwili, akakaza miguu. Cheche zilipoanza kuruka, akajikuta anamwambia fahali pole.