Senema Niliyoisifu Bila Kuiona

Juzi nilimshauri Bi Zuwena, mjane ninayemposa, ampeleke mama yake senema alasiri ya wanawake watupu. Mama huyo ndiye aliyekuwa bado hajanikubali.

"Senema yenyewe nimeiona Mombasa," nilijisifu. "Nyimbo na vichekesho tu."

Kwa kweli, katika kuzurura kwangu, nilikuwa nimeona kile kipande kifupi cha kuitangaza tu: watu wanaimba, wanacheka, na maandishi makubwa yanapita juu yao.

Walipokwenda, niliwangoja mlangoni. Mama alitoka macho yamevimba, ukaya aliojitanda kichwani umelowa machozi.

"Mwanangu, senema hii umeiona yote?"

"Naam, mama. Mwanzo hadi mwisho. Hamkucheka?"

Wanawake wote waliokuwa wakitoka wakanigeukia.

"Haya, nambie," mama akasema. "Alozikwa nani?"

Ikanitoka: "Kwani kuna aliyekufa?"